Sanduku la Pedeli Nne

Kama kuna mwanamke mwingine aliyeolewa na mvumbuzi, aje tukae, nina benchi na nina mengi ya kusema. Wangu mimi kwa kazi ni fundi wa baiskeli, na watu wote wanamwita Fundi, hata mama yake mzazi. Uvumbuzi ni ugonjwa wake wa pembeni. Amewahi kuvumbua kiti kinachotembea, na kweli kilitembea, kikatoka nje kikammwaga mgeni mtaroni. Amewahi kuvumbua kengele ya mlango inayolia mgeni anapoondoka. Nikamuuliza hiyo ni ya nini, akanijibu kwamba ni ya kumjulisha mwenye nyumba kuwa sasa anaweza kupakua chakula.

Lakini kamba, hapo nanyoosha mikono, kamba ilikuwa na akili. Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu uani kwangu, naanika, halafu nikishaingia ndani kupiga pasi, mvua inanisikilizia mpaka nishike pasi ndipo inyeshe. Sijui nimekimbia mara ngapi katika ua ule, nimebeba mashuka ya watu begani, nimeng'ata vibanio mdomoni. Siku moja niliteleza nikakaa chini na suti ya harusi ya mtu. Fundi alinitazama kutoka kwenye kibanda chake cha baiskeli, na tangu siku hiyo akawa hasikii akiitwa kula.

Alichokitengeneza kilikuwa hivi. Kamba ya kuanikia ilipita kwenye magurudumu mawili madogo, moja kwenye nguzo ya mwisho wa ua, jingine chini ya paa la baraza. Kwenye ncha ya kamba alining'iniza jiwe zito, akalizuia lisianguke kwa kijiti, na kijiti kikaegemea bonge la sukari lililokaa ndani ya kopo lisilo na kifuniko. Mvua ikianza, matone yanaingia koponi, sukari inayeyuka, kijiti kinateleza, jiwe linashuka, kamba inakimbia, na nguo zote zinaingia barazani zenyewe huku wewe umeshika pasi yako. Nilipoiona inafanya kazi mara ya kwanza nilikaa kwenye ndoo, nikacheka mpaka machozi. Hakusema kwamba ameitengeneza kwa ajili yangu. Lakini katika nyumba ile nani mwingine anaanika nguo?

Shida ikaja jioni ileile. Tulikuwa tunakula, akaweka mkono juu ya meza akaniambia, "Mke wangu, kaka ananiita kule machimboni."

Kaka yake ana machimbo ya mawe, mbali, mahali ambapo mtu akienda anarudi mara moja kwa mwaka, na akirudi ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Ukafanye nini?"

"Nikatengeneze mashine zake. Nimechoka kuwa kichekesho. Maonesho ya vitu vipya yanakuja, na yule Tajiri wa maduka ya vifaa atachagua kitu kimoja akiuze katika maduka yake yote. Akichagua changu, nabaki. Asipochagua, nachukua begi. Na usimwambie mtu, hasa hawa mama zetu. Sitaki kuliliwa nikiwa bado mzima."

Basi akapanga begi lake kabisa, mashati matatu, akaliweka chini ya kitanda. Nami nikanyamaza, maana nimeambiwa ninyamaze. Ila kesho yake nikayatoa yale mashati nikayafua. Akayarudisha begini yalipokauka. Nikayafua tena.

"Mashati haya si yalikuwa safi?" akaniuliza.

"Yalikuwa safi. Yameshika harufu ya begi."

Mtu hawezi kusafiri na nguo mbichi, na mimi kwenye kulowesha nguo nina ujuzi.

Sasa, jirani yetu ukutani ni seremala, tunamwita Ndevu. Si mtu mbaya, lakini macho yake yana mikono. Fundi aliwahi kubuni mkokoteni wenye breki, na kabla rangi haijakauka Ndevu alikuwa anao mkokoteni wenye breki, tena wake una kiti. Kwa hiyo Fundi akaingiwa na hofu ya wezi wa akili. Akawa anazungumza kwa kunong'ona hata akiwa peke yake. Sukari akawa ananituma duka moja leo, duka jingine kesho, eti watu wasije wakaunganisha mambo. Nikamwambia mwanamke anayenunua sukari hajawahi kushukiwa uvumbuzi tangu dunia iumbwe.

Mwishowe nikamburuta mpaka ofisi ya kusajili uvumbuzi, maana ipo, na kazi yake ndiyo hiyo. Afisa aliyetupokea alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akatukaribisha viti, akachukua kalamu.

"Mmevumbua nini, Baba?"

Fundi akautazama mlango, akalitazama dirisha. "Kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Kitu cha uani."

"Na kinafanya nini hicho kitu cha uani?"

"Kinaleta."

"Kinaleta nini?"

"Kilichokuwa nje."

Afisa akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Baba yangu, hata mbwa wangu analeta kilichokuwa nje. Mimi kazi yangu ni kukulinda na watu wasiibe wazo lako. Siwezi kulinda kitu nisichokijua."

"Na nikikwambia," akasema Fundi kwa upole kabisa, "nani atanilinda na wewe?"

Niliomba sakafu ipasuke inimeze na kiti changu. Afisa akanitazama mimi, si yeye, kwa macho ya mwanamke mwenzangu, akasema tukiwa tayari kusema turudi, na kwamba siku ya maonesho atakuwa na meza yake palepale. Njia nzima nilikuwa natoa moshi masikioni. Yeye anatembea anajisifu jinsi alivyoponyoka.

Hapo ndipo akalitengeneza sanduku.

Kwa kuwa hakumwamini mtu, aliamua kwamba lile kopo lenye sukari na kijiti, alilokuwa akiliita moyo wa kamba, litakaa ndani ya sanduku la mbao ngumu na bati, lisilo na kufuli wala tundu la ufunguo. Kila upande wa sanduku kulikuwa na kichuma kimechomoza, na kila kichuma kinachomekwa pedeli ya baiskeli. Ndani kulikuwa na cheni na meno ya chuma yamepishana. Pedeli zote nne zikizungushwa kwa pamoja, kifuniko kinafunguka. Mmoja akiachia, cheni inarudi na sanduku linajifunga upya. Kila pedeli akampa ndugu mmoja akae nayo kwake. Moja kwa mama yake, yaani mama mkwe wangu. Moja kwa mama yangu. Moja kwa baba yake mdogo. Moja kwa mdogo wangu wa kike.

"Na ya kwangu iko wapi?" nikauliza.

Akakohoa. "Wewe, mke wangu, nakupenda. Lakini mdomo wako hauna kifuniko."

Nilimnunia, sifichi. Nilimpikia, lakini chumvi nilitia ya kununa.

Tukawaita ndugu kulijaribu sanduku, nalo likakataa katakata. Baba Mdogo ni mtu wa mkono wa kushoto, kila kitu anakizungusha kinyumenyume. Mama mkwe hawezi kufungua kitu bila kukivuta kwanza, hata mlango unaosukumwa huuvuta. Mama yangu ni wa polepole, akikoroga chai inapoa. Na mdogo wangu ana pupa, ukimwambia "tayari" yeye ameshamaliza. Fundi aliwaelekeza mpaka sauti ikakauka. Wakaondoka wakilaumiana. Nilidhani ataliacha, kumbe akaingia kibandani na sanduku lake.

"Unafanya nini tena?" nikamuuliza.

"Kubadilisha ukoo siwezi," akasema. "Nabadilisha cheni."

Sikumjali. Nilikuwa nafua mashati.

Jambo moja tu niliona siku zile. Fundi, aliyekuwa akinong'ona sukari, alilitengeneza sanduku lake palepale mlangoni mwa kibanda, mchana kweupe, kwa sababu eti sanduku ni sanduku tu. Na kila nikiinua macho naona ndevu juu ya ukuta. Halafu wiki ya mwisho Ndevu mwenyewe akabadilika. Akawa ananisalimia ameziba mdomo kwa kiganja. Nikampa kipande cha mkate, naye mkate ule mgumu ndio aupendao, akauloweka kwenye chai mpaka ukawa uji, akaunywa. Nikajua ana jipu. Nikampa pole, akaipokea kwa kichwa.

Siku ya maonesho tukapanga meza yetu kwenye ukumbi mkubwa. Kila mvumbuzi anapiga kelele za kunadi kitu chake. Huyu ana jembe la kukunja, yule ana jiko lisilotoa moshi, na kweli halikutoa moshi, wala moto. Fundi wangu je? Alilifunika sanduku kwa shuka langu jeupe, akatundika kibao alichokiandika kwa mkono: KITU KIPYA. USIULIZE. Akakaa pembeni amekunja mikono.

Watu walikuwa wanasoma kibao, wanatii, wanapita.

"Nadi kitu chako," nikamwambia.

"Nikinadi wataiga."

"Usiponadi utanadi mawe huko machimboni."

Akanikazia macho ninyamaze, maana mama zetu walikuwa wanaingia. Nikageuka nikalinyoosha shuka langu.

Ndugu walifika wote, kila mmoja na pedeli yake imefungwa kwenye kitambaa. Mpango ulikuwa kulifungua sanduku Tajiri akipita tu, kuutoa moyo, kuufunga kwenye kamba, na mimi nimwagilie maji kwa kopo nguo zikimbie. Mpango ulidumu mpaka mama yangu alipoona mahali pake.

"Mimi nikae nyuma?" akauliza, taratibu kama kawaida yake. "Binti yangu anamlisha huyu bwana kwa kufua nguo, halafu mimi niwekwe nyuma kama ndoo ya uchafu?"

Fundi akaligeuza sanduku. Sasa mama mkwe akawa nyuma. "Na mimi niliyemzaa mvumbuzi mwenyewe, ndiyo niwape watu mgongo?"

Tukaligeuza ubavu. Mbele akawa Baba Mdogo, ambaye hakuwa ameomba chochote, na mama wote wawili wakamgeukia yeye. Mdogo wangu kwa pupa yake alikuwa tayari anazungusha pedeli peke yake. Mama mkwe akaifunga yake kwenye kitambaa, mama yangu akaikalia ya kwake, na hapo ikawa basi. Watu waliotii kibao wakaanza kurudi, maana ugomvi wa wakwe haukuandikwa kwamba usiulizwe. Muda si mrefu meza yetu ndiyo ilikuwa na watu wengi kuliko zote.

Ndipo Tajiri mwenyewe akaja kuona kuna nini. Alikuwa mzee mnene mwenye mwavuli, ndani ya ukumbi, na nyuma yake vijana wake watatu wakubwa, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

"Ndani mna nini?" akauliza.

"Siri," akasema Fundi.

Tajiri akacheka, akajaribu kuinua kifuniko kwa vidole. Kikakataa. Akamwambia mwanawe wa kwanza ajaribu, naye akavuta mpaka shati likamchanika kwapani. Wakaleta mtarimbo kutoka kwenye meza ya majembe, ukapinda. Wa tatu akalikalia, sijui kwa nia gani. Tajiri akalizunguka sanduku, akashika zile pedeli mbili zilizokuwa zimechomekwa.

"Hili linafungukaje?"

"Mpaka wenye pedeli wote wawepo," Fundi akasema, "na wazungushe kwa pamoja. Lakini hilo ni la kubebea tu, Mzee, kitu chenyewe—"

"Yaani mmoja peke yake hawezi?"

"Hawezi."

Tajiri akawatazama wanawe watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama darini. "Dukani kwangu," akasema taratibu, "kila nikifungua sanduku la mauzo nakuta limeshafunguliwa, na kila mmoja anasema ni mwenzake. Kijana, hicho cha ndani baki nacho. Mimi nataka sanduku."

Mume wangu, na naomba Mungu amsamehe, akajibu, "Sanduku siuzi. Si uvumbuzi."

Nilimkanyaga mguu kwa kisigino. Lakini kabla hajalia, sauti ikatoka nyuma ya umati, nzito kidogo na yenye mate.

"Si yeye aliyelibuni. Ni langu."

Alikuwa Ndevu, kiganja mdomoni, anasukuma mkokoteni wake wenye breki na kiti. Juu yake lilikuwepo sanduku. Mbao zilezile, bati lilelile, pedeli nne zimechomekwa. Akasema amelibuni yeye kwake, na jirani amemwibia kwa kuchungulia ukutani. Alisema hivyo bila kupepesa.

Rangi ilimtoka Fundi. Alikuwa ameificha sukari siku zote zile, na kilichoibwa ni kile alichokiacha mlangoni. Tajiri akamwita yule Afisa wa miwani, meza yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu.

"Huyu alikuja ofisini kwangu," Afisa akasema akimtazama Fundi, "akaniambia ana kitu kinacholeta kilichokuwa nje. Sanduku hakulitaja. Sina cha kumtetea nacho." Akavaa miwani. "Lakini aliyelibuni atajua kulifungua. Kila mtu afungue la kwake."

Ndevu akasema sawa, tena kwa haraka ya mtu mwenye njaa. Akawaita mkewe na vibarua wake wawili, wakashika pedeli, akahesabu, wakazungusha. Kimya. Wakazungusha upande wa pili. Wakazungusha polepole, wakazungusha mbiombio, mkewe akalipiga teke. Sanduku lilikaa tu. Alikuwa ameiga kila kilichoonekana juu ya ukuta, hata mkwaruzo ulioko kwenye bati letu ameuchora. Yaliyomo ndani kwenye cheni hakuyaona, akayapanga kwa kukisia.

"Haya, ninyi," Afisa akatuambia.

Fundi akawageukia wenye pedeli. Baba Mdogo alikuwa tayari, mdogo wangu alikuwa tayari tangu jana. Mama mkwe akatazama pembeni. Mama yangu hakuinuka kwenye pedeli aliyoikalia.

"Mkwe, niweke mbele," akasema.

"Mwanangu, usithubutu," akasema mama mkwe.

Na Fundi, badala ya kuwaomba, akashusha mabega, akanitazama, nikaona kabisa kwamba kichwani mwake ameshashika begi. Hapo maji yakanifika shingoni. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza, nikafua mashati mpaka yanapauka kola, na sasa mtu wangu anaondoka kwa sababu ya nani akae mbele ya sanduku.

"Sikilizeni, mama zangu wote wawili," nikasema, na sikunong'ona. "Huyu akishindwa leo anakwenda machimboni kwa kaka yake. Atakuwa anarudi mara moja kwa mwaka. Begi liko chini ya kitanda, limeshapangwa, na mmekatazwa kuambiwa, na mimi nimekatazwa kusema. Sasa nimesema. Kama mnataka kugombea nafasi, gombeeni mtakavyokaa barazani mkimngoja. Mimi sitaki kumngoja. Namtaka nyumbani, na vitu vyake vyote vya kipuuzi, na ile kengele yake pia."

Ukumbi mzima ulinigeukia mpaka nikaona aibu. Fundi alikuwa ananitazama kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme.

Mama mkwe ndiye alianza. "Machimboni?" akasema. "Na kifua chake kile?" Akaifungua pedeli kwenye kitambaa. Mama yangu akainuka, taratibu, akaitoa yake, akaenda mwenyewe akasimama nyuma. "Huku nyuma kuna hewa," akasema.

Wakachomeka. Mama mkwe akaivuta yake kwanza, kwa nguvu, kama anavyovuta milango yote. Baba Mdogo akazungusha kinyumenyume. Mdogo wangu alikuwa ameshafika mwisho kabla hatujasema lolote. Mama yangu akaja nyuma yao, polepole, anazungusha pedeli kama anakoroga chai, na watu wote tukamngoja. Sikuelewa mpaka dakika ile. Fundi hakumrekebisha mtu. Ile cheni alikuwa ameipanga kila upande umfuate mwenye upande wake, mvutaji avute, wa kushoto ageuze kushoto, mwenye pupa awahi, wa polepole achelewe. Ndevu angechungulia mwaka mzima asingeviona vitu hivyo, maana havikuwemo sandukuni. Vilikuwemo ndani ya mama mkwe.

Sanduku likalia tak, kifuniko kikainuka chenyewe.

Na sisimizi wakatoka.

Walitoka kama wanaofukuzwa. Bonge la sukari lilikuwa limebaki unga kidogo na kijiti kimelala, na juu yake kuna ukoo mkubwa wa sisimizi kuliko wetu sisi. Wakapanda mezani, wakapanda shuka, wakampanda Tajiri mguuni, naye akawa anarukaruka na mwavuli wake huku anasema, "Nalitaka, nalitaka hilo." Afisa aliinua sketi kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akawa anaandika.

"Baba," akamwambia Fundi, "sasa utaniambia?"

Fundi akatazama mlango kwa mazoea. Halafu akanitazama mimi. Akavuta kiti, akaanza kusema, kwa sauti, mbele za watu, cheni inapita wapi na kwa nini, akasema mpaka Afisa akamwomba apumzike ageuze karatasi.

Ndevu alikuwa bado pale. Nilitegemea atoroke, lakini alisogea karibu, ameinamisha kichwa. "Fundi," akasema chini ya kiganja, "nisamehe. Nifungulie na langu."

"La kwako lina nini ndani?"

Akatoa kiganja mdomoni. Hakukuwa na jipu. Hakukuwa na kitu chochote.

"Nilitaka kulijaribu kwa kitu cha thamani," akasema.

Nilicheka mpaka nikamshika Afisa begani, naye alikuwa anacheka. Fundi hakucheka. Alikwenda akaweka sikio kwenye sanduku la Ndevu, akazungusha pedeli moja, akatikisa kichwa, akaomba msumeno. Meno yake ya bandia yalitoka salama. Ndevu akayafuta kwa shati, akayavaa palepale, akaomba mkate.

Mkataba na Tajiri tuliufunga siku zilizofuata, ofisini kwa Afisa, na mimi nilisema maneno mengi kuliko wote. Ndevu siku hizi ndiye anayetuchongea mbao, na kila sanduku linalotoka analiweka wazi mpaka Fundi aseme. Masanduku yenyewe hayauzwi hivihivi tu. Anayelitaka lazima aje na watu wake wote, wakae kwenye benchi letu, Fundi awape chupa, milango na mitungi wafungue, aone nani anavuta, nani ana pupa, nani wa kushoto. Wengi wanakuja wamenuniana. Tajiri alikuja na wale vijana wake, walikuwa hawasemeshani, ikabidi warudi nyumbani wakazungumze kwanza. Kibanda kimejaa koo za watu, na kelele zake mimi ndizo ninazopigia pasi.

Kamba, lakini, bado. Sukari inaliwa na sisimizi. Akajaribu chumvi, na sisimizi kweli wakaiacha, ila umande unaiyeyusha, kwa hiyo kila alfajiri jiwe linaanguka, kamba inakimbia, na nguo zinaingia barazani kukiwa hakuna hata wingu. Anasema yuko karibu kupata jibu. Simwulizi.

Jana mvua ilinikuta na pasi mkononi. Nikatoka mbio na kikapu, na nilipofika kwenye nguzo nikamkuta Fundi amefika, ameacha familia ya watu wanne na pedeli zao kibandani, vibanio viko mdomoni mwake. Akashika upande wake wa kamba, nikashika wangu. Tulianza na nguo za watu. Yale mashati matatu tukayaanua mwisho, yameshalowa chapachapa, maji yanatiririka mikononi.

"Haya nayo yataanikwa tena kesho," akasema.

"Na keshokutwa," nikamwambia, nikampokonya moja kabla halijaburuza chini.